Dhahabu Ndani ya Omena

Ukiingia soko la Migori miaka ile ya tisini ukauliza Rael wa omena anakaa wapi, hakuna aliyekunyoshea kidole. Uliambiwa ufuate pua yako. Rael mwenyewe alicheka pamoja na waliomcheka, kwa sababu harufu ile ndiyo iliyowasomesha watoto wake wawili, Boaz na Phanice, na tena ndiyo iliyokuwa kufuli lake. Wezi wa Migori walivunja maduka ya redio, walivunja vioski vya sabuni, walihamisha ng'ombe mwenyewe akiwa amelala hatua mbili kutoka zizini. Lakini hakuwa amezaliwa mwizi wa kutumbukiza mkono mpaka kwapani ndani ya gunia la omena kavu, wale dagaa wa ziwani, kisha aende nyumbani akajieleze kwa mkewe. Rael aliligundua jambo hilo mapema, akalitumia.

Alizaliwa bonde la Lambwe, akaolewa Muhuru Bay. Ziwa lilipomchukua mumewe, alihamia Migori mjini na watoto wake na biashara ile ile aliyokuwa akiifanya ufukweni. Kila wiki alishuka Muhuru kununua omena iliyokwisha kauka, akarudi nayo kwa magunia, akaiuza kwa gorogoro, kopo la kupimia.

Mambo ya kuwekewa vitu yalianza na jirani mmoja wa soko aliyemwomba amfichie hereni, kwa kuwa mumewe akilewa alikuwa anauza chochote kinachong'aa. Rael aliziweka ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo, mkebe akauzika katikati ya gunia moja la nyuma, lenye kiraka cha katani, ambalo halikuuzwa. Mwezi uliofuata akaja mwingine na pete. Wa tatu akaja na mkufu wa marehemu mama yake. Haikuchukua muda gunia lile likawa linajua siri za nusu ya soko, na Rael akawa na masharti yake mawili: hakuuliza kwa nini unaficha, wala hakumwambia mtu kitu ni cha nani. Siku moja alikuja mwanamume na askari wa chifu, anatafuta pete ya mkewe. Rael hakuacha kupima omena ya mteja. Alisema, “Mimi nauza omena,” na akalirudia hilo hilo mpaka wakachoka wakaenda zao.

Kichekesho ni kwamba mlinzi huyu wa vito vya watu hakuwahi kuvaa hata kimoja. Rael alikuwa Msabato, tena shemasi wa kanisa. Alibatizwa ziwani Homa Bay akiwa msichana, na asubuhi ya siku hiyo alivua shanga zake zote akazipa maji. Tangu hapo hakikupanda kitu shingoni mwake, sikioni wala mkononi, na aliringia hilo kidogo, jinsi mtu anavyoringia jambo gumu alilolimudu. Jumamosi yeye ndiye aliyesimama mlangoni na gauni lake jeupe, akiwaonyesha wageni mahali pa kukaa. Nafasi ile aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho duniani.

Mbele ya kibanda chake, ng'ambo ya njia, palikuwa na duka la leso la Abdirahim na mkewe Kuruthum. Walikuwa wamekuja kutoka Mombasa na wakazoea. Kuruthum alikuwa na bangili sita za dhahabu alizopewa na mama yake siku ya harusi. Sasa Abdirahim alikuwa amepatwa na ugonjwa wa lori. Alitaka lori la kubeba mizigo mpaka Kehancha na Isebania, na kila alipoliwaza lori, macho yake yalitua mkononi mwa mkewe. Kuruthum alimjua mumewe: si mtu mbaya, ila akishapenda kitu huwa kama mtoto. Akamwambia bangili amezipeleka Mombasa kwa sonara zikasafishwe. Kumbe zilikuwa ng'ambo ya njia, ndani ya mkebe wa Kimbo, zikinuka samaki.

Kuruthum alitaka bangili hizo ziende kwa binti yake Hadiya, aliyeolewa na mfanyabiashara huko Gaborone, Botswana, na ambaye sasa alikuwa mjamzito. Na Mungu si Athumani, Phanice, binti yake Rael, alikuwa muuguzi katika mji huo huo, na mwaka huo alikuwa amemtumia mama yake tiketi ya ndege aende kumtembelea. Kuruthum alivuka njia jioni moja, akakaa juu ya kigoda cha Rael.

“Mama Boaz, zile nataka zimfikie Hadiya mkononi,” alisema. “Si kwa posta, si kwa mtu wa mtu. Na mzee wangu asijue mpaka nitakapomwambia mwenyewe.”

“Zitafika.”

“Basi zivae. Kwetu sisi mwanamke akisafiri na dhahabu huivaa. Ikiwa mkononi mwako, na wewe u macho, ataichukua nani?”

“Mama Hadiya, mimi unanijua. Hii mkono haijawahi kuvaa kitu.”

“Nakujua. Nakwambia tu palipo salama.”

Rael alifikiri palipo salama anapajua yeye. Phanice alikuwa amelia kwenye simu kwamba huko Botswana ni nyama tu, nyama mpaka meno yanachoka, na akamsihi mama yake amletee omena. Kwa hiyo Rael alijaza omena safi katika mfuko, akauzika mkebe wake katikati, akautia mfuko ndani ya kikapu pamoja na Biblia na kitabu chake cha nyimbo. Kikapu alikusudia kukipakata mapajani njia nzima. Alipanda basi la Nairobi akiwa na amani moyoni.

Amani hiyo iliishia kwenye kaunta ya uwanja wa ndege. Karani aliinua pua kabla hajainua macho.

“Mama, hiyo kikapu iko na samaki?”

“Ni omena kidogo tu ya mtoto.”

“Hiyo haiwezi kwenda na wewe ndani, watu watalalamika. Weka hapa iende chini na masanduku.”

“Chini wapi?”

“Kwa tumbo ya ndege. Utaipata mbele.”

Rael alilitazama sanduku lake la nguo, lililokwisha pimwa, likiondoka peke yake juu ya mkanda mweusi, likipita kwenye tundu la ukuta lenye mapazia ya mpira, na hakujua upande wa pili kuna mikono ya nani. Kwa miaka yote ile harufu ya omena ilikuwa imewafukuza wezi. Leo hiyo hiyo ilikuwa inataka kumnyang'anya mkebe kutoka mikononi. Hakuweza kumwambia karani kilichomo, maana nyuma yake palikuwa na foleni ya watu waliokuwa wakimsikiliza. Akaomba akatoe dawa yake kwanza.

Alijifungia chooni, akatumbukiza mkono ndani ya omena, akautoa mkebe. Kisha alifanya ambalo mwanamke yeyote wa soko la Migori angefanya. Alizifunga bangili kwenye pindo la leso, akaizungusha leso kiunoni ndani ya gauni, akakaza fundo. Hapo ndipo alipobeba mali yake tangu aanze kuuza, na hakuna mkono uliowahi kufika. Akarudi kwenye kaunta, akaikabidhi omena iende tumboni mwa ndege, akaondoka na Biblia na kitabu cha nyimbo ndani ya kikapu chepesi.

Kuhusu ule mlango wa ukaguzi hakuna aliyekuwa amemwambia. Aliona fremu tu imesimama peke yake bila ukuta, na watu wanapita mmoja mmoja, kama ng'ombe wa Lambwe wakiingizwa kwenye dipu la dawa ya kupe. Akaweka kikapu mahali alipoonyeshwa, akapita. Mlango ukapiga kelele. Akaambiwa arudi, avue viatu, apite tena. Ukapiga kelele tena, na Rael akahisi kila jicho la ukumbi ule limemwangukia kiunoni.

Askari wa kike alimchukua kwa upole akamwingiza nyuma ya pazia. Kifuani alikuwa na kibao cha jina, Nyasuguta. Alimpapasa, akalifikia fundo, akamwambia alifungue. Bangili sita zililala juu ya kimeza, zikiwa na magamba madogo ya omena.

“Mama, hii ni dhahabu?”

“Ndiyo.”

“Ya nani?”

“Ya mwenyewe.”

“Mwenyewe ni nani?”

Rael akaanza kuyapangusa magamba kwa kidole. Nyasuguta alikuwa ameingia na kikapu cha Rael, akakifunua, akakiona kitabu cha nyimbo chenye mhuri wa kanisa la Migori.

“Wewe ni Msabato,” alisema. “Hata mama yangu ni Msabato. Wasabato wa kwetu hawavai hizi vitu.”

“Hawavai.”

“Sasa unaona shida yangu? Umetoka upande ya Migori, kule wanachimba dhahabu. Hauvai, lakini umezifunga kwa tumbo. Mtu akificha hivyo sisi tunafikiria ameiba ama anapitisha magendo.” Hakusema kwa ukali. “Ungeniambia tangu mwanzo kwamba uko na vitu vya thamani, ningekuleta hapa pole pole bila watu kukuangalia. Lakini umeshaficha. Ukiniambia jina ya mwenyewe, naandika, tunauliza, unaenda. Ama kama ni zako, vaa. Mwanamke akivaa bangili yake hakuna mtu anamuuliza.”

“Nikikataa zote mbili?”

“Naita watu wa forodha. Ndege haitakungoja, mama.”

Rael alizitazama bangili. Aliwaza jina la Kuruthum likiandikwa, na simu ikipigwa dukani Migori, na mkono wa Abdirahim ukiinua simu hiyo. Aliwaza pia asubuhi ile ya Homa Bay, na shanga zikizama. Aliona uchungu, na aliona hasira, maana alikuwa ameambiwa mapema palipo salama na akajifanya anajua zaidi. Hatimaye alinyosha mkono wa kushoto. Bangili zilipita kwa shida kwenye mifupa ya kiganja kilichozoea kubeba magunia, moja baada ya nyingine, na Nyasuguta akamsaidia ile ya mwisho.

“Ni zako?” Nyasuguta aliuliza, kwa kuwa ilimbidi aulize.

Rael aliinua mkono ule uliovaa, akamwonyesha. Mdomo wake haukusema ndiyo, na alijua kabisa kwamba mkono umesema.

“Sawa. Nikuambie kitu kimoja, nyanya ya watu. Mahali utabadilisha ndege kuna mlango kama huu. Watakuambia uvue uweke kwa trei. Usipite kwanza. Ngoja trei iingie kwa mashine ukiiona na macho, ndio upite, na upande ule mwingine vaa kabla hujashika kitu kingine.”

“Asante, nyathina,” Rael alimwambia, na alimaanisha. Kwa Kijaluo alimwita mtoto wangu.

Alilifuata neno hilo kama andiko. Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege alishikilia trei mpaka mkanda ulipoivuta kutoka vidoleni mwake, akamzuia kwa mgongo bwana mmoja mwenye tai aliyekuwa na haraka, akapita, akasimama kwenye mdomo wa mashine kabla trei haijatoka. Alivaa bangili papo hapo, viatu baadaye. Yule bwana alisema kitu kwa Kiingereza. Rael hakumjali.

Gaborone alifika mkono umevimba kwa safari, bangili zimeganda. Phanice alikuwa amekuja na rafiki yake wa hospitali mwenye kamera, na kabla mama hajasema neno alishakumbatiwa na rafiki ameshanyanyua kamera. Rael aliinua mkono kuwazuia. Ule mkono wa kushoto. Ndiyo maana picha ilitoka nzuri namna ile: mama anacheka kwa aibu, mkono juu, na bangili zote sita zinameremeta mbele ya uso.

“Mama, na hizi?” Phanice aliuliza, akiwa amezitumbulia macho.

“Nipeleke kwa mtoto wa Mama Hadiya kabla hatujafika kwako.”

Hadiya alimvua bangili kwa sabuni na mafuta ya kupikia, akicheka na kulia kwa pamoja. Alizinusa, akasema zinanuka Migori. Rael alisugua kifundo cha mkono kilichobaki na alama nyekundu, akaona mwili wote umekuwa mwepesi. Neno lake lilikuwa limefika.

Aliporudi Migori alimsimulia Kuruthum yote, kuanzia omena mpaka pazia, na wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akaenda nyumbani akakuta picha ukutani. Phanice alikuwa ameituma kwa posta, na Boaz, mwana mwenye mama aliyepanda ndege, alikuwa ameipeleka studio ikakuzwa, akaitia fremu, akaitundika sebuleni kando ya kalenda ya kanisa. Rael aliitazama kwa muda mrefu. Angeweza kuitoa. Lakini Boaz alikuwa amesimama nyuma yake akingoja asifiwe, na yeye akamsifu.

Mzee wa kanisa, Elkanah, alikuja kumshukuru Mungu kwa safari njema. Alisali akiwa amefumba macho, akasema amina, akayafumbua yakiwa yameelekea ukutani. Chai yake haikuisha.

Baraza la kanisa lilimwita. Elkanah hakuwa mtu wa makeke. Aliuliza polepole, karibu kwa huzuni.

“Dada Rael, ni wewe kwa ile picha?”

“Ni mimi.”

“Na ile ni dhahabu?”

“Ni dhahabu.”

“Ni yako?”

Rael alitazama mikono yake. Elkanah akamwambia kwamba akiwa na maelezo wanayataka, tena wanayaombea yawepo. Rael akasema maelezo yapo ila si yake kuyatoa. Basi wakafanya walichopaswa kufanya: wakamweka kando na ushemasi, wakasema watamwombea. Jumamosi iliyofuata mlangoni alisimama mwanamke mwingine, na Rael akaonyeshwa mahali pa kukaa ndani ya kanisa alilosaidia kulijenga. Alikaa benchi la nyuma. Iliuma, na hakujidanganya kwamba haiumi.

Soko halikawii kusikia. Kuruthum alivuka njia hata duka hakulifunga.

“Kwa nini hukuwaambia ni zangu?”

“Nikitaja ya mtu mmoja nimetaja za wote,” Rael alisema, akiendelea kupepeta omena. “Hapo nyuma kuna vitu vya wanawake wengi. Leo wakisikia nimefungua mdomo kanisani, kesho watakuja kuchukua vyao. Watapeleka wapi?”

“Lakini wamekuvua cheo chako.”

“Wamenivua. Wewe rudi dukani, mzee wako anaangalia.”

Kweli Abdirahim alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake. Wiki hiyo alikuwa amepata mtu mwenye lori la kuuza, na kila akila chakula cha jioni aliuliza huyo sonara wa Mombasa anasafisha bangili au anazitengeneza upya. Kuruthum alirudi, akampimia mteja leso.

Jumamosi, wakati wa matangazo, mlango wa kanisa ulifunguliwa. Akaingia mwanamke aliyevaa buibui. Alikuwa amevua viatu vyake akaviacha nje kwenye ngazi, maana ndivyo alivyofundishwa kuingia nyumba ya ibada, na watu wote wakamtazama miguu. Shemasi mpya hakujua amkalishe wapi. Kuruthum alimwinulia mkono Elkanah aliyekuwa mbele, na Elkanah, baada ya kuwatazama wenzake, akamruhusu aseme.

“Mimi naitwa Kuruthum, mke wa Abdirahim wa duka la leso,” alisema. “Bangili mlizoziona kwenye picha ni zangu. Nilipewa na mama yangu. Nilimpa Rael kwa siri amfikishie binti yangu, nikamwambia azivae, akakataa kwa sababu ya dini yenu. Huko uwanja wa ndege aliambiwa achague, ataje mwenye mali au azivae. Akavaa. Hakunitaja kwao, na nyinyi mlipomuuliza hakunitaja. Sasa nimejitaja mwenyewe.”

Benchi la nyuma Rael alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondoka juu ya kitabu cha nyimbo, na hakuyafuta.

Elkanah alishuka hatua moja kutoka pale alipokuwa. “Mama,” alimuuliza, “na Abdirahim anajua?”

Kuruthum aliwatazama watu waliokuwa humo. Aliwajua karibu wote; wengine walikunywa chai barazani kwa mumewe kila jioni.

“Bado,” alisema. “Lakini atajua kabla sijavaa viatu vyangu.”

Akageuka, akaenda mpaka benchi la nyuma. Rael akasogea, akampa nafasi.